Kongwa jimbo moja au mawili? Nimeiweka pembeni ya Mpwapwa tuone

Mbukwenyi ndugu zangu wa wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, mlioko nyumbani na mlioko huku Dodoma mjini. Siku hizi kila nikienda nyumbani, iwe msibani iwe harusini, stori inaishia palepale, jimbo letu ligawanywe au liachwe lilivyo, na kila mtu ana jibu mdomoni ila ukimuuliza kwa nini anakwambia tu jimbo ni kubwa. Kubwa kwa watu au kwa eneo? Maana hivo ni vitu viwili na vinatoa majibu tofauti kabisa. Sasa nimekaa nikachukua namba za sensa, nikawachukua majirani zetu Mpwapwa ambao wao wana wabunge wawili muda mrefu, nikawaweka pembeni yetu, ili siku diwani wako akikuuliza mnasemaje uwe na cha kumjibu.

Tuanze na mipaka. Kongwa juu inapakana na Kiteto ya Manyara, mashariki Gairo ya Morogoro, kusini Mpwapwa, magharibi Chamwino. Wilaya nzima ni halmashauri moja na jimbo moja, kata 22, kilomita za mraba 4,041. Mpwapwa nao wana halmashauri moja, ila ndani kuna majimbo mawili, Mpwapwa na Kibakwe, na wilaya yao ni kilomita za mraba 7,379. Ukigawa hizo kwa wabunge wawili unapata kama 3,690 kwa kila mmoja. Yaani kwa eneo mbunge wetu na mbunge wa Mpwapwa wanazunguka karibu sawasawa, tofauti yake ndogo sana, na ukiongeza milima ya upande wa Kibakwe, kule Wotta na Lumuma, mwenzetu anaweza kuwa anateseka zaidi kuliko wa kwetu anayekwenda tambarare. Kwa hiyo anayesema tugawanywe kwa sababu eneo ni kubwa hiyo hoja haina nguvu, akienda nayo mbele itapigwa chini asubuhi.

Nguvu iko kwenye watu. Sensa ya 2012 Kongwa tulikuwa 309,973 na Mpwapwa walikuwa 305,056, tofauti haifiki hata elfu tano, na bado wao wana wawili sisi mmoja. Sensa ya 2022 ikaja, sisi 443,867, wao 403,247. Tumewaacha kwa watu elfu arobaini na kitu na mgawanyo uko vilevile. Kwa wastani mbunge mmoja Mpwapwa ana watu kama laki mbili, wa Kongwa ana zaidi ya laki nne na arobaini, yaani mara mbili na ushee.

Mkoa mzima ukiuangalia kwa sensa hiyohiyo ya 2022 picha iko hivi:

Kongwa 443,867, jimbo 1
Mpwapwa 403,247, majimbo 2 (Mpwapwa, Kibakwe)
Chamwino 486,176, majimbo 2 (Chamwino na Mvumi, zamani yakiitwa Chilonwa na Mtera mpaka 2020)
Chemba 339,333, jimbo 1
Bahi 322,526, jimbo 1
Kondoa Vijijini 244,854, jimbo 1
Kondoa Mjini 80,443, jimbo 1
Dodoma Jiji 765,179, jimbo 1 mpaka 2025, sasa 2 (Dodoma Mjini na Mtumba)

Angalia Kondoa Mjini hapo. Watu elfu themanini wana mbunge wao mzima. Sisi ni zaidi ya mara tano yao na tuna mmoja. Sisemi wenzetu wa Kondoa wanyang'anywe, hapana, wao wamepata kwa njia yao nitaieleza chini, nasema tu mtu akikwambia Kongwa tunalalamika bure muoneshe huo mstari.

Na Tume ya Uchaguzi ilipotangaza mchakato wa kugawa majimbo mwanzoni mwa 2025 kigezo cha watu kilikuwa laki nne kwa majimbo ya vijijini na laki sita kwa ya mjini. Kongwa laki nne tumeshazipita. Ila kupita kigezo cha watu peke yake haitoshi, wanaangalia na uchumi, jiografia, mawasiliano, mipaka ya kiutawala, mpaka uwezo wa ukumbi wa Bunge kubeba wabunge. Mei 2025 yakatangazwa majimbo mapya 8 nchi nzima, jumla ikawa 272 kutoka 264, na mkoa wetu ukapata moja tu, Mtumba, kule ulipo Mji wa Serikali. Kongwa ikabaki kama ilivyo. Katiba ibara ya 75 inasema mipaka ichunguzwe mara kwa mara na angalau kila baada ya miaka 10, kwa hiyo mlango haujafungwa, ila watu wajipange mapema wasisubiri mwaka wa uchaguzi ufike ndo waanze kukimbizana na karatasi.

Sasa faida yenyewe iko wapi? Wengi wanafikiri faida ni kuwa na mtu wa pili wa kusema bungeni. Hiyo ipo, na mbunge anaingia pia kwenye baraza la madiwani, kwa hiyo ni sauti mbili na huko. Lakini kwangu mimi kubwa kuliko yote ni hili neno dogo "kila jimbo". Mwaka 2021 serikali ilitoa milioni 500 kwa kila jimbo za barabara za TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kila jimbo. Maana yake Mpwapwa kwa majimbo yao mawili inahesabika bilioni moja, Chamwino bilioni moja, Kongwa yenye watu wengi kuliko Mpwapwa milioni 500. Ukaja mpango wa visima 900 vya vijijini, hesabu yake visima vitano kila jimbo. Vitano kwa Kibakwe, vitano kwa Mpwapwa, vitano kwa Kongwa nzima yenye kata 22. Wewe unayetoka Hogoro au Njoge unajua kisima kimoja ni nini mwezi wa kumi, mama anaamka saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo foleni, afu kijiji kizima kinategemea pampu moja ikiharibika basi mnarudi kuchimba mchangani kwenye korongo. Vitano zaidi ni vijiji vitano zaidi. Kila serikali inapotumia hicho kipimo cha jimbo sisi tunapunjwa, na hapo hakuna mtu ametuonea, ni hesabu tu imekaa vibaya kwetu.

Mfuko wa jimbo nao, ule wa sheria ya 2009 ambao mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake, una sehemu inayogawanywa sawa kwa majimbo yote na sehemu inayoangalia watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Ile ya watu ukigawa jimbo haiongezeki, inakatwa tu vipande viwili, ila ile ya sawa kwa wote unaipata mara mbili. Siyo hela ya kubadilisha wilaya lakini ni madawati, ni mabati ya zahanati, ni mifuko ya saruji kwa wananchi walioshapandisha boma na limesimama miaka mitatu linanyeshewa.

Niseme na la umbali maana hapa nina la kwangu moyoni. Baba mdogo yuko kata ya Zoissa, huko juu kabisa karibu na Kiteto. Kuna korongo linakata njia yao kila mvua zikikolea, watoto hawavuki kwenda shule, mgonjwa havuki, na wenzake wakamtuma apeleke barua ya kuomba kalavati na aitafute ofisi fulani pale wilayani imsaidie kuisukuma. Barua iko kwenye bahasha ya kaki, kaizungushia mfuko wa sukari isilowe, katoka alfajiri na boda mpaka Mkoka, Mkoka akapanda Noah mpaka Kibaigwa, Kibaigwa akavizia basi la kuelekea Dodoma, akashuka Mbande, Mbande akasubiri gari ya kuingia Kongwa. Amefika jua la saa nane, mhusika hayupo, rudi kesho. Akalala gesti. Kesho yake akaambiwa acha hapo tutaipeleka. Nauli, chakula na kulala elfu arobaini na kitu, hela ya debe kadhaa za mahindi, na barua ile mpaka leo hajui ilifika wapi. Mtu wa Mlali au Sagara hapiti hayo yote. Ndo maana mimi nikisikia mtu wa Kongwa mjini anasema jimbo liachwe tu namwelewa, kwake mbunge akija wilayani anapita mbele ya nyumba yake. Ila na yeye aelewe wa Zoissa.

Lakini sitaki niwadanganye, kuna vitu jimbo jipya halileti na naona watu wanavitaja kama vile vitakuja kesho yake. Halmashauri inabaki moja. Mkurugenzi mmoja, DC mmoja, meneja wa TARURA wa wilaya mmoja, na ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inatoka kwenye mapato ya halmashauri, haiangalii jimbo. Zahanati hazijengwi kwa sababu mstari umechorwa. Na kuna hatari wabunge wawili ndani ya baraza moja wakavutana, huyu anataka gari la wagonjwa likae kwake na yule kwake, madiwani nao wakagawanyika kambi mbili, bajeti ikakwama. Kwa jimbo moja hilo hakuna, mtu wa kumuuliza ni mmoja na hana pa kujificha.

Kuna suala la uzito wa mtu pia na hapa lazima tuseme ukweli kwa heshima zote. Kongwa tumekaa na mbunge mmoja kuanzia 2000, marehemu Job Ndugai, vipindi vitano, akawa Naibu Spika 2010 mpaka 2015, akawa Spika 2015 mpaka alipojiuzulu Januari 2022, na akatutoka 6 Agosti 2025, siku chache tu baada ya kura za maoni za chama. Miaka 25. Jimbo likiwa na mtu wa kiti kama kile milango mingi inafunguka bila kuulizwa nyie ni wangapi, na nadhani ndo maana kelele za kugawa zilikuwa ndogo kipindi kile. Sasa hivi huo mgongo haupo, tunabaki na namba zetu, na kwa namba tunaonewa.

Jirani zetu kwenye matokeo wana picha mbili. Kibakwe imekuwa na George Simbachawene tangu 2005, naye kashika wizara mbalimbali. Jimbo la Mpwapwa lenyewe limebadilisha watu, George Lubeleje alikuwepo, 2010 akaingia Gregory Teu, 2015 Lubeleje akarudi, 2020 akaja George Malima. Yaani wilaya moja, upande mmoja umetulia na mtu mmoja, upande wa pili wananchi wanabadilisha wakiona haiendi, na mmoja akiyumba mwingine yupo. Sisi kwa jimbo moja ukikosea umekosea wilaya nzima kwa miaka mitano. Hili ni jambo watu hawalisemi kabisa kwenye hii mijadala na mimi naliona kubwa.

Kwa upande wa vyama kugawa hakubadilishi kitu sana, tusidanganyane. 2015 na 2020 majimbo yote ya mkoa wa Dodoma yalikwenda CCM, makubwa kwa madogo, kwa hiyo mchuano wenyewe kwa huku kwetu unakuwa ndani ya kura za maoni. Ila hata hapo jimbo likiwa dogo kijana au mama asiye na gari anaweza kuzifikia kata zake kujieleza. Kata 22 kwa boda huwezi, unahitaji gari, mafuta na watu wa kukutangulia, na hapo ndo wenye hela wanapowapita wenye nia. Kwa kata 11 mtu anaweza kujaribu.

Sasa ile njia ya Kondoa niliyosema nitaieleza. Kule kulikuwa na Kondoa Kaskazini na Kondoa Kusini. Chemba ikawa wilaya 2012, mji wa Kondoa ukapata halmashauri yake, na 2015 wakapiga kura kwa majimbo matatu, Chemba, Kondoa Vijijini na Kondoa Mjini. Kwa kuwa jimbo halitakiwi kukaa ndani ya halmashauri mbili, ukipata halmashauri mpya jimbo linakufuata. Kuna wanaosema na Kibaigwa ifanywe halmashauri ya mji, soko la mahindi lipo, lami ya Dodoma Morogoro inapita katikati. Njia hii inaleta vyote, mkurugenzi, bajeti, mbunge. Lakini ukiitoa Kibaigwa na ushuru wa lile soko, Kongwa inayobaki inaishi na nini? Zoissa atabaki na halmashauri masikini kuliko ya sasa na mbunge wake atakuwa yuleyule wa mbali. Kwa hiyo mimi hii siiungi mkono, ni nzuri kwa watu wa Kibaigwa peke yao.

Basi tukichagua kugawa ndani ya halmashauri ileile kama Mpwapwa, kazi inakuwa mstari upite wapi. Kata moja haikatwi vipande, inakwenda nzima upande mmoja. Kwa macho yangu barabara kubwa ndo mpaka wa asili, kaskazini ya lami kina Mkoka, Zoissa, Hogoro, Njoge na wenzao, kusini Kongwa mjini, Sagara, Mlali, Chamkoroma. Ugomvi utakuwa kata za barabarani, Kibaigwa na Pandambili. Nimeshasikia watu wa kusini wanasema Kibaigwa wasiiachie kwa sababu ya ushuru wa mahindi, na hapo ndo naomba watu waelewe vizuri, ushuru unaingia halmashauri, hauingii jimboni, Kibaigwa ikienda kaskazini hakuna hata shilingi ya kusini itakayopotea. Na kwa mtu wa kaskazini Kibaigwa ndo mji wake, ndo anakouza, ndo anakopanda gari, mtoto akiugua anakimbilia huko. Kumpa jimbo lisilokuwa na hata mji wa kufikia ni kumrudisha kwenye safari ya baba mdogo.

Kwa kifupi cha kukusaidia wewe kuamua. Kama uko kaskazini ya lami unga mkono kugawa, huna cha kupoteza. Kama uko Kongwa mjini au kata za jirani yake maisha yako hayabadiliki sana, ila mgao wa "kila jimbo" ukija wilaya yako inapata mara mbili na wewe umo, kwa hiyo usipinge. Kama uko Mlali au Chamkoroma una sababu ya kuuliza kwanza, maana nyie mko pembeni vilevile kwa upande wa kusini na mnaweza kujikuta kwenye jimbo ambalo macho yote yako Kongwa mjini, dai lenu liwe ofisi ya mbunge iwe na siku za kukaa kwenu na liandikwe. Na kama hofu yako ni wabunge kuvutana, hofu hiyo ni ya kweli, waulizeni madiwani wa Mpwapwa wanavyoishi, hapo ni jirani na ndugu zetu wamejaa.

Maombi yanaanzia chini, halmashauri inajadili, inakwenda kwenye vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, ndo inafika Tume, na Tume nayo mpaka ipate kibali cha Rais. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kuongea naye ni diwani wako. Mwambie uwiano wa sensa, 443,867 kwa mmoja na 403,247 kwa wawili, hizo namba mbili tu zinatosha kufungua mjadala, usianze na ukubwa wa eneo. Na mwambie kabisa kata yako iandikwe upande gani kwenye mapendekezo kabla hayajatoka pale Kongwa, maana yakishatoka kurudi kuyarekebisha ni safari nyingine.

Baba mdogo nimemsomea haya yote kwa simu jana usiku. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu, hilo jimbo la pili ofisi yake itakuwa Mkoka au Kibaigwa? Nikamwambia baba hiyo bado. Akasema basi iwe Mkoka, kutoka huko naweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo.